Risala ya Wakazi wa Shela kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Kisima cha Shule

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, maimamu wetu, wazee wa mtaa, mama zetu na wanafunzi: Assalaamu alaykum.

Karibu Shela. Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wa kikundi kidogo kama chetu, tena kwa kupanda mashua na kusi hii inavyovuma.

Tumekuita ufungue kisima, na utakifungua. Ila utaona hapo mezani hatukukuwekea maji ya chupa, tumeweka gilasi mbili. Ya kulia ni ya kisima hiki. Ya kushoto imetekwa leo alfajiri kwenye kisima cha karibu na ufuo, ambacho hata hawa watoto wa darasa la nane wanakumbuka kilipokuwa kitamu. Zionje zote mbili. Ya kushoto si lazima uimeze.

Kisiwa chetu cha Lamu hakina mto, Mheshimiwa. Mvua ikinyesha, maji huzama katika hiyo milima ya mchanga nyuma ya shule, yakatulia chini kwa chini juu ya maji ya bahari, maana matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukiteka kwa kiasi, masika hurudisha. Ukivuta kwa pampu usiku kucha, chumvi hupanda, na ikishapanda haishuki upesi. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nao hunywa kutoka mchanga huu huu. Kwa hiyo haya si malalamiko ya Shela peke yake.

Sasa pembeni mwa mchanga huo zimepigwa bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja. Kuna kampuni inataka kujenga majumba ya kifahari, kila moja na bwawa lake la kuogelea na bustani ya nyasi. Nyasi, Mheshimiwa, Shela! Mbuzi wetu wenyewe hawajapata kuota ndoto hiyo.

Hatuchukii wageni. Nyumba zao zimewalisha mafundi wetu, manahodha, wapishi na wenye punda, na baadhi ya waliokaa hapa leo wamesomeshwa kwa pesa hizo. Kilichotuuma ni namna jambo lenyewe lilivyopitishwa. Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari za mazingira zinataka mikutano na wananchi isiyopungua mitatu. Sisi tuliitwa mmoja, siku ya Ijumaa, saa tano na nusu, wanaume wakiwa njiani kuoga waende msikitini. Ripoti ilisomwa kwa Kiingereza. Tuligawiwa soda na biskuti, tukaambiwa tutie sahihi kuwa tumehudhuria. Baadaye karatasi ile ile tuliiona imeambatishwa kwenye maombi ya leseni, kichwa chake kikisema wakazi wameridhia. Bibi mmoja aliyetia dole gumba alituuliza kama anaweza kuwarudishia soda yao apewe dole lake. Tulicheka, lakini hatukuwa na jibu.

Jambo hili Lamu si geni. Mwezi Juni mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa kaunti hii, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ndiyo maana tunaamini kufuata sheria si kupoteza wakati.

Tunakuomba utusemee huko unakokaa na wakubwa. Mikutano irudiwe, kwa Kiswahili, na isiwe Ijumaa. Kabla ya tofali la kwanza, wataalamu wa maji wapime kisima baada ya kisima na matokeo yabandikwe hapa shuleni tuyasome wenyewe. Mipaka ya eneo la chanzo cha maji nayo iwekwe alama zinazoonekana, maana kila mwaka tunaambiwa iko mahali pengine.

Vijana wana ombi lao dogo: njia ya kwenda ufuoni isizibwe kwa ukuta. Mitumbwi haipiti mlangoni kwa bawabu.

Ukishakata utepe tutapanda pamoja nyuma ya shule ukazione bikoni. Ni mwendo wa dakika chache, ila viatu utavua, mchanga ni mlaini. Gilasi ya kulia tutakubebea.

Tunawasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wakazi wa Shela