Pasaka njema, ndugu zetu wa Nabugoye

Shikamooni wazee wetu wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda mlioko kilima cha Nabugoye karibu na Mbale. Na ninyi watoto, hamjambo? Nawasalimu kutoka Tanzania, mapema kabla jua halijazama Pasaka ya Kiyahudi ikaingia.

Safari hii nimekuwa nikiuwaza sana ule mkate wenu wa Pasaka, matza. Unga na maji basi, hamira hakuna, na tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie motoni zisipite dakika 18. Unatoka mwembamba, mkavu, ukiubonyeza kwa kidole unavunjika. Ndicho chakula cha watu waliotoka Misri mbiombio, kinyunga hakijawahi kuumuka. Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, kondoo wa Pasaka alikosa madhabahu. Mkate haukukosa kitu. Wenyewe wataka meza tu, na mtoto mdogo kuliko wote wa kuuliza: usiku huu una nini hata ukatofautiana na usiku mwingine wote? Hispania iliwafukuza Wayahudi mwaka 1492. Kati ya waliobaki kwa jina la Ukristo, wapo waliouoka kwa siri, madirisha yamefungwa.

Swali hilo likafika hadi Mbale. Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda mwanzilishi wa jamii yenu, aliisoma Torati mwenyewe, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Hakungoja Myahudi aje kumfundisha.

Miaka ya utawala wa Idi Amin mnaijua ninyi kuliko mimi: ibada ikapigwa marufuku, wengi wakahamia dini nyingine ili wasalimike, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa na vijana wetu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda. Nilipoilinganisha tarehe hiyo na kalenda ya Kiyahudi nilibaki kimya kwa muda: jioni ile ile, jua lilipozama, Pasaka iliingia. Sisi huku vita ile tumezoea kuiita Vita vya Kagera, tukahesabu mipaka na mizinga. Kumbe kuna watu mlimani, karibu na Elgon, ambao kwao Farao alianguka usiku wenyewe wa kumsimulia Farao.

Basi Pasaka njema, wapendwa. Yule mdogo wenu akishauliza swali lake leo, mkimaliza habari za Misri, mpeni na za mwaka 1979.