Kwa vijana wa kwaya: habari ya "Yesu Kwetu ni Rafiki"

Vijana wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita mmoja wenu alishika maiki akatuambia kwamba mtunzi wa "Yesu Kwetu ni Rafiki" aliuandika usiku uleule mchumba wake alipokufa maji. Kanisa zima likaguna kwa huruma. Jambo hilo limenikaa moyoni wiki nzima, maana sivyo ilivyokuwa, na habari yenyewe inanigusa kuliko hiyo.

Mtunzi wake, Joseph Scriven, alizaliwa Banbridge, Ireland, mwaka 1819. Ni kweli mchumba wake alikufa maji, harusi ikiwa kesho yake. Baadaye akahamia Kanada, pande za Port Hope na Rice Lake, akachumbia tena. Huyo naye, Eliza Roche, aliugua akafa mwaka 1860 kabla hawajafunga ndoa. Lakini shairi aliliandika mwaka 1855, kati ya misiba hiyo miwili, tena kwa ajili ya mama yake. Mama alikuwa na huzuni nzito kule Ireland, na mwanawe yuko ng'ambo ya bahari, hawezi hata kumshika mkono. Akamtumia maneno hayo.

Jina lake hakuliweka. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa mwenyewe, jirani aliyekuja kumkesha akaiona karatasi, akauliza. Scriven akamjibu kwamba alimtungia mama yake, hakukusudia mtu mwingine aione. Tuni tunayoiimba ni ya Mmarekani Charles Converse, ya mwaka 1868, na kuna wakati wimbo ulidhaniwa kuwa wa Horatius Bonar, mtunzi wa nyimbo wa Uskoti.

Scriven alikuwa msomi wa Trinity College, Dublin. Hata hivyo alishika msumeno akawakatia kuni wajane na wagonjwa wasio na cha kulipa. Kwenye baridi ya Kanada kuni si za kupikia tu. Moto ukizimika usiku, mgonjwa yumo hatarini.

Marehemu mke wangu alipolala kitandani miezi minne, walikuja mabinti wawili wa kwaya ya wakati ule, hawana sare wala kinanda. Mmoja akafua mashuka. Mwenzake akaketi ukingoni mwa kitanda akauimba wimbo huu taratibu, ubeti wa kwanza tu, maana mingine hakuikumbuka. Mama yenu, aliyekuwa hasemi tena, akachezesha midomo kuufuatisha.

Najua mnachanga fedha za studio na wimbo huu ndio wa kwanza kurekodiwa. Rekodini, nami nitatoa changu. Ila kabla ya siku hiyo nawaomba mwende kwa wagonjwa tunaowasikia kwenye matangazo kila Jumapili, wawili wawili. Anzeni na bibi wa pale kisimani. Sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo kaeni upande wa kulia.

Mimi mzee wenu wa kanisa