Shosti, hizo dawa za presha umeziachaje?

Shosti wangu,

Ile voisi uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho, yule baba anaongea vizuri kweli, ila mi nikishasikia tu "madaktari hawataki mjue hili" najua mbele kuna namba ya kutuma hela, na kweli, dakika ya mwisho kaitaja.

Sasa hili analosema kwamba vidonge vya presha vinaua figo, mpaka na wewe ukaacha vyako. Kinachoua figo ni presha yenyewe ikikaa juu muda mrefu, na sukari hivohivo, hizo mbili ndo zinaongoza kufikisha watu kwenye kusafishwa damu. Na presha haina kelele, unaweza ukasoma 170/100, ambayo iko juu kabisa, na unajiona mzima tu, kwa hiyo hiyo "nimeacha na sijisikii vibaya" yako haituambii kitu. Ya kuogopa ni hizo diclofenac na ibuprofen unazomeza kila mgongo ukiuma, hizo ndo zinapandisha presha na figo zinaziumiza kweli, ila hakuna anayezirekodia voisi! Mwambie mfamasia una presha, akuchagulie nyingine.

Hiyo miguu kuvimba uliyosema, kama kidonge chako cha presha ni amlodipine, inajulikana inafanya hivyo, lakini inaweza pia kuwa moyo au figo, so usijiamulie, rudi kliniki useme, wanaweza kupunguza dozi au kukubadilishia. Sisi tusio na hela tuna hako kaugonjwa ka kuitikia "sawa daktari" halafu tunatoka nje hata jina la dawa hatulijui. Uliza. Na hela ikiisha waambie hivyo hivyo hela imeisha, usianze kumeza leo ukaruka kesho ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, maana wakijua wanaweza kukupa ya bei ya chini. Dukani nako taja jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, amlodipine ya boksi la kawaida inafanya kazi ileile na mara nyingi bei iko chini sana.

Halafu ile presha uliyopimwa umetoka kupanda ngazi unahema, hiyo isikutishe. Kaa kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, na usiongee (hapo ndo shughuli kwako hahaha). Andika kwenye daftari na tarehe, nenda nalo kliniki, lile daftari litawasaidia kuliko voisi zote za kwenye grupu.

Kesho asubuhi nenda basi, wao ndo wakuambie unaanzaje tena. Nitumie picha ya pakiti pia. Ila kifua kikibana, au mdomo ukienda upande, au mkono ukafa ganzi ghafla, usinitext mimi, kimbia hospitali saa hiyohiyo.