Barua kwa Mama Neema, kuhusu filamu uliyoizima katikati

Kisasa, Dodoma
Agosti 2025

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako upepo wa Agosti umeanza kupuliza vumbi na midomo inatukauka. Sote tu wazima. Barua yako niliipata, na sehemu iliyonikaa moyoni ni ile uliyoeleza kwamba The Substance uliizima pale mgongo wa yule mama ulipopasuka akatoka binti, ukasema kuwa ni uchafu mtupu na kwamba aliyeitengeneza anawachukia wanawake. Mimi niliitazama hadi mwisho pamoja na binti yangu, na kwa kuwa sikubaliani nawe, nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Aliyeiandika na kuiongoza ni mwanamke, Mfaransa Coralie Fargeat, ambaye kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mswada bora wa filamu kwenye tamasha la Cannes mwaka 2024. Wewe ulimwuguza mdogo wako uso wake ulipoungua kwa mkorogo. Ulimbandua vitambaa vilivyogandishwa na usaha, wala hukukimbia. Ninaamini Fargeat anatuomba tutazame kwa jicho lilelile.

Kumbuka mwanzo wake. Elisabeth, anayeigizwa na Demi Moore, anafundisha mazoezi ya viungo kwenye televisheni, na siku anayotimiza miaka 50 bosi wake anamketisha mgahawani kumweleza kwamba basi, imetosha. Kamera imesogezwa hadi mdomoni mwa huyo bwana: anavunja vichwa vya kamba wa baharini, vidole vimelowa sosi, anatafuna huku akiongea, na anapoulizwa ni kitu gani hasa kinachokoma mwanamke akifika umri huo, hana jibu. Hakuna kisu wala damu hapo, lakini binti yangu aligeuza uso. Mimi sikugeuza, kwa sababu meza ya namna hiyo nimewahi kuikalia.

Unajua nilivyoondolewa mapokezi baada ya miaka 19, nikaambiwa kwamba hoteli inahitaji sura mpya, nikapelekwa stoo ya mashuka. Kilichofuata sikuwahi kukueleza. Binti aliyewekwa mahali pangu alinifuata stoo mara tatu kuniomba nimwelekeze namna ya kujaza daftari la wageni wanaolipiwa na ofisi zao, nami mara zote tatu nilimjibu kwamba sina nafasi. Alikosea hesabu, akakatwa mshahara, na siku ile nililala nimeridhika. Meneja aliyetupanga sote wawili hakuguswa na lolote.

Ndiyo maana sehemu uliyokosa ilinichoma. Elisabeth na Sue, yule binti aliyetoka mgongoni mwake baada ya kujidunga dawa ya kurudisha ujana, wanatakiwa kupokezana, kila mmoja siku saba, na Sue anaishi kwa maji anayoyavuta kwa sindano kutoka uti wa mgongo wa mwenzake aliyelala sakafuni bafuni. Anapojiongezea muda kidogo tu, Elisabeth anaamka na kukuta kidole chake kimoja kimezeeka, kimekunjamana na kucha imeoza, wakati vingine bado vizima. Kila wanapowapigia simu watoaji wa dawa hiyo kulalamika, sauti ya upande wa pili inawakumbusha kwamba wao ni mtu mmoja. Hawasikii. Wanaumizana hadi kuuana, na bosi anaendelea kutafuta wasichana.

Hata hivyo, tukio ninalolifikiria hadi leo halina hata tone la damu. Mwanamume mmoja waliyesoma naye zamani, mtu wa kawaida na mpole, amemwalika Elisabeth chakula cha usiku. Amevaa gauni jekundu, amependeza, amefika mlangoni. Kisha anarudi kwenye kioo kuongeza rangi ya mdomo. Anatoka, anarudi, anafunga skafu kuficha shingo, anarudi tena, mpaka mwisho anajifuta uso kwa kiganja kwa nguvu kana kwamba anataka kuung'oa, rangi ikatapakaa mashavuni, na simu inaendelea kupokea ujumbe wa yule bwana anayemsubiri. Hatoki. Moore alikuwa na miaka 61 filamu ilipooneshwa kwa mara ya kwanza, na sidhani kama mwigizaji kijana angeweza kujipangusa vile.

Sikatai kwamba ina kasoro. Kamera inavyouzungukia mwili wa Sue inakusudia kutuonesha jicho la wale wanaume wa televisheni, lakini inarudia mno, na kuna dakika ambapo niliona inaanza kuufurahia mwili huo yenyewe. Mwisho nao, ukumbi mzima unapomwagiwa damu, umerefushwa kupita kiasi, ingawa nilielewa kwa nini damu ile ilipaswa kuwafikia hao waliokuwa wakipiga makofi.

Wiki iliyopita nilipita mapokezi wakati wa chakula cha mchana, nikavuta kiti, tukalifungua lile daftari pamoja na yule binti. Aliniambia amebakiza mwezi mmoja wa makato.

Ukija na treni ya SGR mwezi ujao, tutaitazama tena kuanzia pale ulipoizimia. Neema asiwepo, bado ni mdogo. Msalimie baba yake.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Upendo