Pipa la mboji si jaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Siku hizi hapa Wete mapipa ya mboji ya kuzungusha yameanza kuonekana kwenye nyua za watu. Fundi wa kuchomea hukupigia kiunzi cha chuma, akatoboa pipa la plastiki la lita 200, akapitisha bomba katikati, basi. Kulipata si tabu. Tabu ni kwamba halichelewi kunuka, watoto wanalikimbia, na mwenyewe analiosha kulirudisha kwenye kazi ya kuwekea maji.

Mimi huuza mihogo ya nazi asubuhi, kwa hiyo maganda na machicha hayanipungukii. Wengi wanadhani pipa linanuka kwa sababu halizungushwi. Linanuka kwa sababu limetiwa mabichi matupu. Kuzungusha kunaingiza hewa, ndiyo, lakini uji haushiki hewa hata uuzungushe kutwa. Kwa kila ndoo ya maganda mimi natia ndoo mbili za majani makavu ya mshelisheli au mwembe, nimeyavunjavunja kwa mkono. Unga wa msumeno kutoka kwa seremala nao unafaa, nusu ya hapo unatosha, ila usiwe wa mbao zilizotiwa dawa. Makonyo ya karafuu sitii, hayo yana wenyewe kule Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo.

Machicha ndiyo yenye hila. Yana mafuta, yanashikamana madonge, na ndani ya donge yanachacha. Yavuruge kwanza na majani makavu kwenye beseni, ndipo uyamimine. Halafu chukua konzi uiminye: litoke tone moja au mawili, si maji ya kutiririka. Harufu ya kupaliza pua maana yake mabichi yamezidi. Sisimizi wakihamia, limekauka, lirushie maji.

Jambo la pili, watu hulijaza hadi mlangoni. Pipa lililojaa halichanganyiki, linageuka zima zima na vilivyomo vimekaa palepale. Acha theluthi tupu. Na iwepo siku ya kusema basi, maana ukitia ganda jipya kila asubuhi, kila siku utakuta kibichi ndani na hutavuna. Mwenye uwezo awe na mapipa mawili: moja linajazwa, jingine limeachwa liive, likizungushwa kila baada ya siku mbili tatu. Likishika kazi, ukifungua alfajiri linafuka mvuke. Ila pipa dogo halikai na joto muda mrefu, mbegu hazifi zote, ndiyo maana nyanya na mipapai hujiotea kwenye matuta yangu bila kupandwa. Silalamiki. Mboji ikitoka humo iwekeni kwenye polo kivulini wiki kadhaa, mpaka inukie udongo.

Utumbo wa samaki msithubutu, fukieni mgombani. Mwenye jirani wa paka wengi atanielewa. Bomba lipakeni grisi, hewa ya bahari haina huruma na chuma, na masika pipa likae chini ya paa.

Sasa ombi langu, hasa kwa masheha. Kipindi cha kaskazi majani yanakauka kwa wingi, yanafagiwa na kuchomwa moto kila asubuhi, na moshi wake tunauvuta sote. Masika yakiingia, mwenye pipa hana kikavu hata konzi, na hapo ndipo mapipa mengi yanaponuka. Kila shehia ingetenga banda moja tu, hata la makuti, majani yakatiwa kwenye mapolo yakahifadhiwa humo, anayehitaji akachukua. Haihitaji fedha wala semina.

Banda hilo likikawia, basi jirani zangu wa Limbani, kabla hamjawasha kiberiti nipigieni hodi. Nitakuja na pakacha langu.

Muuza mihogo,
Limbani, Wete, Pemba