Minara Miwili si kanisa la Wareno

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe jambo moja lililotoka kwenye gazeti lako Jumapili ya juzi. Mwandishi wako, katika makala yake ya matembezi ya Mji Mkongwe, amelitaja kanisa la Kikatoliki la Minara Miwili kuwa ni "kanisa kongwe walilotuachia Wareno". Nilikuwa barazani na kikombe changu cha kahawa, mjukuu wangu ananisomea kwa kuwa miwani yangu imevunjika mkono. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ni vile vile, Wareno.

Mimi si Mkristo. Ni Muislamu wa hapa Baghani, fundi wa chokaa kwa miaka 40 na ushei, mpaka magoti yalipokataa ngazi. Lakini nimezaliwa chini ya minara hiyo, na kengele yake nimeisikia kabla sijajua kusoma saa. Jirani akipachikwa ukoo usio wake, hunyamazi eti kwa sababu si ndugu yako.

Nianze na Wareno wenyewe, maana kanisa hapa Unguja kweli walikuwa nalo. Lilikuwa pwani, pale ilipo Ngome Kongwe. Waomani walipowang'oa mwaka 1698 walijenga ngome yao hapo hapo, na mabaki ya kanisa yakamezwa na kuta za ngome. Anayetafuta kazi ya Mreno basi aende Forodhani, akate tiketi ya tamasha, aangalie ukuta badala ya jukwaa. Minara Miwili ilikamilika mwaka 1898. Hata mjukuu wangu wa darasa la nne alipiga hesabu hiyo bila karatasi: miaka 200.

Waliolijenga ni Wafaransa. Mambo yalianza Desemba 1860, enzi za Sayyid Majid, aliposhuka bandarini padri Armand Fava akitokea kisiwa cha Réunion, yeye na mapadri wenzake na masista. Hawakuanza na minara. Walianza na nyumba, hospitali na karakana, na katika karakana hizo watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala na uhunzi. Muda si mrefu kazi ile ikashikwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Watu wa Bagamoyo wana haki ya kuringia misheni yao, na nimekwenda kuiona, ina miembe mizuri. Wanasema kwao ndiko mlango wa Ukatoliki wa Afrika Mashariki. Haya, lakini kabla ya mlango mtu hukanyaga kizingiti, na kizingiti kilikuwa huku kwetu.

Kanisa lenyewe kubwa ni la miaka ya 1890. Msomaji aiweke miaka hiyo mbele ya macho. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani pale pwani, kazi ya chini ya saa moja, na huku nyuma, mwendo wa dakika chache kwa miguu, minara hii ilikuwa bado inajengwa. Amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba ikaja Aprili 1897, nalo kanisa bado halijakwisha. Kwa hiyo limeanza katika nchi ambayo mtu aliweza kumilikiwa kisheria, likamalizika katika nchi ambayo sheria hiyo imefutwa. Mimi nikipita pale naliwaza hilo kuliko ninavyowaza urefu wa minara.

Vioo vya rangi na vigae vya sakafu vilikuja kwa meli kutoka Ufaransa, na uso wake unafanana na kanisa kuu la Marseille kiasi kwamba baharia wa Kifaransa akiingia bandarini bila shaka alijiona amerudi kwao. Jina ni la Mtakatifu Yosefu, yule seremala. Namhesabu kuwa fundi mwenzangu.

Basi uongo wa Wareno umetoka wapi? Mimi naona umetoka kwa Wagoa. Goa, kule India, ilikuwa koloni la Mreno, na Wagoa waliokuja Unguja walikuja na majina ya Kireno na dini ya Kikatoliki. Wao ndio waliojaza mabenchi ya Minara Miwili kwa miaka mingi: washonaji, wapishi, makarani, wapiga tarumbeta wa bendi ya Sultani, na wapiga picha kama kina Gomes, ambao picha zao za Unguja ya zamani bado zinauzwa madukani kwa watalii. Sisi watoto tukawaita wote "Wareno", wakacheka. Mshona suti aliyekuwa akiishi nyuma ya nyumba yetu alikuwa hajawahi kuiona Ureno hata kwenye ramani. Krismasi mkewe alituletea sinia la keki na dodoli, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Sinia halirudi tupu, kwa hiyo Idi mama yangu alilirudisha na mikate ya kumimina. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wao waliondoka. Sinia moja lao tunalo mpaka leo, maana safari hiyo waliondoka ikiwa zamu yetu.

Sasa ruhusa, Mhariri, niseme kidogo kama fundi.

Kwa fundi, umri wa jengo si jambo la fahari tu. Unakwambia ndani ya ukuta kuna nini. Chokaa yetu ya zamani ilichomwa kwa matumbawe: unapanga magogo duara, unapakia mawe juu, unawasha, na likishakuwa jivu jeupe unaliacha linyeshewe miezi kadhaa mpaka lilainike. Ndiyo iliyoshika nyumba zote za huku Baghani. Ukuta wa chokaa unapumua. Masika unanywa maji, kaskazi ikivuma unayatoa. Ukija ukaupiga lipu ya saruji umeufunga pumzi. Maji yanabaki ndani, chumvi inapanda, na baada ya misimu michache lipu inatoka kama ganda la yai na jiwe la ndani limekuwa unga. Hili nimeliona kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingine, Mungu anisamehe, mkono ulioshika mwiko ulikuwa wangu. Mwenye nyumba anataka ukuta unaong'aa kabla ya harusi, na fundi ana watoto.

Lakini majengo ya nusu ya mwisho ya karne ya kumi na tisa hayafanani na ya babu zao. Kanisa la Waingereza kule Mkunazini, lililoanzishwa Krismasi ya 1873, paa lake limemiminwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe, na husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini askofu wao Steere akiwa safarini. Sishangai, sisi mafundi hatupendi kusimamiwa wala kuachwa. Mtu akiamini Minara Miwili ni ya Mreno atakuja na dawa ya jengo la karne ya kumi na saba kwa mgonjwa wa karne ya kumi na tisa. Na baada ya Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la Sultani, kuporomoka upande mmoja mchana wa tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu, sidhani kama kuna mtu wa Mji Mkongwe anayepita chini ya jengo refu bila kuangalia juu.

Nimetaja Mkunazini makusudi, kwa kuwa makosa yamezaana. Juzi nimemsikia kijana, papasi wa kutembeza watalii, amesimama na wageni watano chini ya Minara Miwili, anawaambia hapo ndipo palikuwa soko la watumwa. Nikamwita pembeni kwa adabu. "Mwanangu, soko lilikuwa Mkunazini, ndipo Waingereza walipojenga kanisa lao. Kule mnara mmoja, huku miwili. Hesabu tu." Akanijibu, "Babu, wageni wamechoka, Mkunazini mbali." Mkunazini mbali! Unaweza kwenda na kurudi kabla mkate haujaiva.

Nakiri kulifikia kanisa hili kuna kazi yake. Ukija na boti kutoka Dar, minara yake ni katika vitu vya kwanza kuonekana juu ya mapaa. Ukishashuka na kuingia vichochoroni, inapotea. Unazunguka, unatokea duka la vinyago, unazunguka tena, unatokea duka lile lile, mara umelikuta limekusimamia puani. Pengine ndiyo maana mwandishi wako ameandika bila kufika.

Jambo moja zaidi, nalo si la historia ya mbali. Februari 2013 padri Evarist Mushi wa parokia hii aliuawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili, akiwa njiani kusalisha misa kule Mtoni. Siku hiyo baraza letu lilikuwa kimya, na wazee wa Kiislamu wa mtaa huu tulikwenda kuwapa mkono majirani zetu. Baadhi yao walitupokea vizuri, baadhi walishindwa kututazama usoni, na sikuwalaumu. Nalisema hili kwa sababu neno "Wareno" lina maana yake. Ukiliita kanisa la Wareno umewaambia wanaosali humo kwamba ni mabaki ya watu waliofukuzwa. Kumbe misheni iliyolijenga ilianza na watoto waliokombolewa utumwani, waliolelewa hapa, wakazungumza Kiswahili hiki hiki. Padri mmoja wa misheni hiyo, Charles Sacleux, alitoa kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, kabla ya minara kusimama. Maneno yake aliyaokota kwa wenyeji wa pwani hii, si Lisbon.

Ombi langu ni dogo. Chapeni sahihisho, ukurasa ule ule, si kule nyuma chini ya matangazo ya viwanja. Na mwandishi wako, kijana anaandika vizuri, tatizo ni miguu tu, aje Baghani siku yoyote baada ya Alasiri. Aulize baraza la fundi wa chokaa. Nitampeleka Ngome Kongwe, halafu Mkunazini, halafu Minara Miwili, kwa mpangilio huo wa miaka. Magoti yangu yakikubali tutamaliza kabla ya Magharibi. Yakikataa, mjukuu wangu anaijua njia, na hesabu yake mmeshaiona.

Fundi mstaafu,
Baghani, Mji Mkongwe,
Unguja