Daftari la jumuiya lisitumike kumnyima marehemu Misa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na Wakristo wenzangu, hasa Wakatoliki, juu ya desturi ambayo tumeizoea mno hata haitushtui tena. Katika parokia kadhaa ninazozifahamu, mwamini akifariki, jambo la kwanza ambalo familia yake huulizwa si alikufaje wala nani atakesha na mjane kumfariji usiku ule. Huulizwa kama marehemu alikuwa "anasali jumuiya", yaani kama alikuwa akihudhuria sala za kila wiki za kikundi cha Wakatoliki wa mtaa wake. Daftari hufunguliwa, mahudhurio huhesabiwa, kadi ya zaka hukaguliwa, na ikionekana kwamba alikuwa haonekani au alikuwa na deni la michango, Misa ya mazishi haipatikani, na wakati mwingine hata katekista huja kwa kuombwa sana.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyelishika daftari hilo kwa mikono yake mwenyewe. Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu, hapa pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa miaka tisa. Katika mwaka wangu wa mwisho alifariki mwanajumuiya mwenzetu, baba wa watoto watatu, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja mjini. Presha ilimpanda, akaanguka, akakaa hospitali siku mbili. Shemeji yake alikuja kwangu alfajiri kuomba barua ya kupeleka kwa Paroko. Nilifungua daftari, nikahesabu, nikakuta kwamba kwa miaka miwili marehemu alikuwa amehudhuria mara nne tu na michango ya karibu mwaka mzima hakuwa ameitoa, nami nikaandika hivyo hivyo nilivyoona, nikatia sahihi na mhuri. Ikaamuliwa kwamba katekista aende nyumbani asome sala fupi, na Misa isiwepo. Sikuandika uongo hata neno moja katika barua ile, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwa sababu nilijua mambo mengine yaliyo kweli vilevile ambayo sikuyaandika.

Nilijua kwamba lindo lake lilikuwa linaisha saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba jumuiya yetu ilikuwa inaanza sala saa kumi na mbili na nusu kila Jumamosi. Kutoka kazini kwake hadi mtaani kwetu ni daladala mbili. Mara nyingi alikuwa akifika wakati sisi tunakunja mikeka, akiwa bado amevaa koti lake la lindo, macho yamemwiva kwa kukesha, naye alikuwa akisimama uani na kutusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Sote tulikuwa tukimwitikia, "Milele na milele, Amina." Kisha nilikuwa nikiketi na kuandika mbele ya jina lake kwamba hayupo. Katika miaka ile yote hakuna hata mmoja wetu, kuanzia mwenyekiti hadi mhazini, aliyewahi kusema, "Jamani, tusogeze muda ili na huyu mwenzetu apate kusali."

Baada ya mazishi nilikwenda kutafuta sheria yenyewe inasemaje, kwa kuwa siku zote tulikuwa tunaambiana kwamba "ndiyo taratibu za Kanisa." Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1176, unaagiza kwamba waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Wanaoweza kunyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184: walioasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa nia ya kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao kuzikwa kwao kikanisa kungewakwaza waamini. Na hata hao, ikiwa kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya toba, hawanyimwi, na pakiwa na shaka Askofu wa mahali ndiye wa kuulizwa. Mlinzi aliyeshindwa kuwahi jumuiya sikumwona humo, wala mama muuza samaki anayewahi mnadani alfajiri, wala mgonjwa ambaye hajafika kwa sababu hana wa kumshika mkono. Kuhusu fedha sheria iko wazi zaidi: kanuni ya 1181, inapozungumzia sadaka za mazishi, inaonya kwamba pasiwe na upendeleo wa watu na kwamba maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Niliisoma kanuni hiyo mara tatu nikiwa nimekaa kitandani, nikakumbuka mhuri wangu.

Ni vizuri pia tukumbuke jumuiya hizi zilianzia wapi. Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki chini ya shirikisho lao la AMECEA walikutana Nairobi mwaka 1973, wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya za mahali watu wanapoishi na kufanyia kazi kila siku, na mwaka 1976 wakakutana tena na kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Sababu yao ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Parokia zilikuwa kubwa, padre mmoja ana maelfu ya waamini, na mtu angeweza kusali kanisani miaka kumi bila jirani wa benchi lake kujua jina lake. Hapa kwetu Tanzania Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi, akahamia kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa, akilima na kula pamoja nao. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilipolieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu, wengi wetu tulipokea maneno hayo kwa furaha kwa sababu tulikuwa tayari tunayaishi. Jumuiya iliundwa ili tujuane; daftari likaja baadaye, liwe msaada wa kukumbuka nani hatujamwona ili tukamwone. Sielewi ni lini hasa lilibadilika likawa kumbukumbu ya mashtaka.

Najua kwamba haikuwa hivi tangu mwanzo, kwa sababu nimelelewa Muleba, mkoani Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983. Shangazi yangu alirudi kijijini kutoka mjini miaka michache baadaye, amekonda, na watu walikuwa wanapita mbali na nyumba yetu kwa hofu. Alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka mingi na hilo lilijulikana kijiji kizima. Waliokuja walikuwa wanawake wa jumuiya. Walikuja wamebeba kuni, ndizi na maharage, wakamfulia shuka ambazo sisi wenyewe wa nyumbani tulikuwa tunaogopa kuzigusa, wakamkalisha nje kwenye jua, wakamsuka nywele. Mmoja wao alikuwa akimlisha uji kwa kijiko na kumsimulia habari za shambani kana kwamba hakuna jambo la ajabu. Hawakumuuliza alikuwa wapi. Alipofariki waliimba usiku kucha. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, na imani niliyo nayo leo niliipata zaidi katika uga ule kuliko katika mafundisho ya Kipaimara.

Ndugu Mhariri, si haki kuwasema viongozi wa jumuiya bila kuwasikiliza, kwa kuwa nami nimekuwa mmoja wao na ninaujua uchovu wao. Ni kazi isiyo na mshahara. Unawapigia watu simu, unagonga milango, unaambiwa "nitakuja" na mtu asiyekusudia kuja, halafu siku ya msiba familia hiyo hiyo inafika na kudai padre, kwaya na gari, na inakasirika ikicheleweshwa. Wapo watu wenye afya, nafasi na uwezo ambao wameigeuza jumuiya kuwa chama cha kuzikana tu. Mapadre nao wanasema, na wanasema kweli, kwamba bila barua ya jumuiya hawana namna ya kumjua kila mwamini wao. Wapo pia wanaosema kwamba ukali huu unawasaidia walio hai, kwamba wakiona mwenzao amezikwa bila Misa watarudi kundini. Hoja hii ya mwisho ndiyo ninayoikataa. Waliorudi kwa hofu hiyo nimewaona: wanakuja, wanasaini, wanaondoka kabla ya kushirikishana Injili. Na mtoto wa miaka tisa aliyeona jeneza la baba yake linapita mbele ya kanisa bila kuingizwa hajifunzi kuipenda jumuiya.

Tena adhabu hiyo haimfikii mkosaji, kama kweli alikosa. Marehemu yuko mikononi mwa Mungu. Anayeadhibiwa ni mama aliyevaa nguo nyeusi, ambaye huenda yeye hakukosa jumuiya hata wiki moja. Siku ya mazishi ya yule mlinzi, waliochimba kaburi wengi wao walikuwa majirani Waislamu. Kwao kumzika mwenzao ni faradhi ya kutosheleza: baadhi wakiitekeleza, wote wameondokewa na lawama, wote wakiiacha, wote wana dhambi. Sisi nasi tumefundishwa tangu katekisimu ya utotoni kwamba kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma, nalo limewekwa pamoja na kuwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Sijawahi kusikia mtu akimnyima mwenye njaa uji kwa sababu hana kadi ya zaka.

Lugha yetu ina neno zuri ambalo tunalitumia kanisani na shambani vilevile. Mvua ikinyesha vizuri na ghala zikajaa, tunasema huo ni mwaka wa neema, na hakuna anayeuliza mvua ile ilistahiliwa na shamba la nani. Mtakatifu Paulo anapohubiri kwamba tumeokolewa kwa neema, mkulima wa kawaida anamwelewa bila mwalimu. Yesu naye, katika Injili ya Luka, anamtaja mchungaji anayewaacha wale tisini na kenda na kumfuata mmoja aliyepotea. Mchungaji huyo lazima alikuwa anahesabu kondoo wake, vinginevyo angejuaje kwamba mmoja hayupo? Hesabu haikuwa kosa letu. Kosa letu lilikuwa kwamba tulimaliza kuhesabu, tukafunga daftari, tukaenda kunywa chai.

Napendekeza basi, na hili nalielekeza kwa mabaraza ya walei ya parokia, kwamba mbele ya kila jina lisiloonekana wiki tatu mfululizo iandikwe sababu, na yaandikwe pia majina ya watu wawili waliokwenda kumtazama. Nafasi hiyo ikiwa tupu, kosa liwe la jumuiya na si la aliyekosekana. Muda wa sala upangwe kwa kuwauliza wanaofanya kazi za zamu, hata ikibidi jumuiya moja isali Jumamosi alfajiri na Jumapili jioni kwa kupokezana. Deni la michango lisitajwe kabisa msibani. Likifa na mwenyewe, parokia haitafilisika. Na zaidi ya yote, uamuzi wa kumnyima mtu mazishi ya Kanisa usifanywe na katibu wala mwenyekiti wa jumuiya, kwa kuwa sheria haikutupa sisi mamlaka hayo. Kazi yetu iwe kumweleza Paroko yote tunayoyajua juu ya marehemu, pamoja na salamu zake za asubuhi. Ndugu zetu wa Kilutheri na Kianglikana, ambao nao wana utaratibu wao wa kuwatenga waumini na kuwarudisha kundini, watajua wenyewe ni wapi barua hii inawagusa.

Mimi nilichelewa. Ilinichukua miezi minne kupata ujasiri wa kwenda kwa mjane yule kuomba msamaha. Nilimkuta anachambua mchele, nikamweleza yote, pamoja na yale ambayo sikuyaandika katika barua. Hakunijibu mara moja. Aliendelea kuchambua, kisha akanisogezea kigoda, akasema, "Dada katibu, Jumamosi ijayo jumuiya ije kusali kwangu. Ila msije alfajiri, njooni jioni, nina watoto wa kuandaa."

Tulikwenda tukiwa watu kumi na tisa, na viti tuliazima kwa jirani yake Mwislamu. Tangu siku hiyo jumuiya yetu inasali jioni. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, tumeomba nia ya Misa kwa ajili ya mume wake, na bahasha yake nimeiandika mimi.

Wako katika Kristo,

Katibu mstaafu wa jumuiya,
Dar es Salaam